Macho ya Samaki Mchanga ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Katika Suratul Haaqqah, aya ya 38 na 39, Allah anaapa kwa tunavyoviona na tusivyoviona. Mimi nasoma Elimu ya Kiislamu, si elimu ya samaki, lakini mfano wa tusivyoviona nimeupata katika Ziwa Victoria.

Ngege, yaani sato, akiwa mchanga huona mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la binadamu haliuoni. Mwanga huo huwasaidia samaki wengi wachanga kuona vijidudu vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo riziki yao. Akikua, macho yake hubadilika na kuelekea zaidi rangi nyingine, hata nyekundu. Subhanallah! Kila umri umepewa jicho la haja yake.

Lakini jicho hilo linahitaji maji safi. Maji yakichafuka, urujuanimno hupotea upesi. Mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa katika ziwa hili wako samaki ambao majike huchagua madume kwa rangi. Maji yanapokuwa machafu, rangi hufifia na aina za samaki hupungua.

Nani anayachafua? Suratur Rum, aya ya 41, inatufundisha kuwa uharibifu wa bara na bahari umetokana na mikono ya watu. Mtaro wa Nakivubo hupeleka uchafu wa Kampala katika Ghuba ya Murchison. Kando ya ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, huchotwa maji ya bomba ya mji huu. Ndiyo maji tunayotawadhia!

Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Ikiwa haja ya mtu mmoja imekatazwa, tusemeje juu ya uchafu wa mji mzima? Mwingine atasema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, lakini kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa alichokichunga.

Basi tuanze Ijumaa hii. Baada ya sala, tuokote chupa na kaveera zilizozagaa kabla mvua haijazisukuma mtaroni.

Ewe Allah, tujaalie tuwe walinzi wa amana Yako, kwa tunavyoviona na tusivyoviona. Amin.