Kopo Lisilo na Lebo

Msichana wa kisa hiki hana jina, maana ukimtafuta Kilwa Kivinje utampata kila mtaa, na Lindi mjini vilevile. Alikuwa kidato cha pili, mrefu, hodari wa hesabu, mweusi kama babu zake. Nyumbani weusi huo ulikuwa utani wa kila siku. Shangazi akishuka basi la Dar es Salaam, hata shikamoo haijaitikiwa: "Huyu naye tumwozeshe usiku, mchana hapati mchumba!" Watu wanacheka. Naye anacheka.

Hapo ndipo kisa kilipoanzia, wala si kwenye simu kama tunavyopenda kusingizia. Simu ilikuja kukoleza tu, na picha zake za maharusi waliong'arishwa kwa programu mpaka pua hazionekani.

Mama yake hukaanga pweza jioni, na binti ndiye mshika hesabu. Akaanza kudokoa chenji. Zilipotimia, rafiki yake akampeleka kwa mama mmoja anayechanganya mkorogo chumbani: krimu za tyubu, losheni ya chupa, vyote vikasongwa kwa kijiko ndani ya kopo la plastiki. Kopo halina lebo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, lakini mkaguzi atasoma nini kwenye kopo tupu? Vitu hivyo huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, na rangi hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya jua. Zebaki hupenya ndani zaidi, ikaharibu figo. Wachanganyaji wengine hutia na dawa za steroidi, ngozi ikang'aa kidogo, kisha ikawa nyembamba.

Mwanzo ulikuwa mtamu. "Shosti, umetakata!" Akazidisha kupaka.

Kisha darasa likaenda ziara Kilwa Kisiwani. Walivuka kwa mashua kutoka Masoko, jua limeshapanda. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimebaki vyeusi, mashavu yamekuwa mekundu, na kila maji ya chumvi yaliporuka usoni alifumba macho kwa kuwashwa. Pale Msikiti Mkuu mwalimu akaeleza kwamba mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, akaandika kuwa wakazi wake wengi ni weusi sana na mji wao ni miongoni mwa miji mizuri kabisa. Maneno hayo yalimhusu binti kuliko mtu yeyote pale, ila hakuyasikia. Alikuwa nyuma ya ukuta, kwenye kivuli, anajipepea kwa daftari.

Jumatatu mama akampeleka hospitali. Muuguzi hakuanza na uso, alianza na vidole.

"Umepaka nini, mwanangu?"

"Sijapaka kitu."

"Vidole vimeshanijibu."

Akapimwa mkojo, bahati yake, figo zilikuwa nzima. Akaambiwa aache. Hakuna aliyekuwa amemwonya kwamba akiacha ngozi itazidi kuharibika kabla ya kupona. Chunusi zikajaa, mabaka yakatokea, na wengi wakifika hapo hulirudia kopo.

Mama, kwa huruma, akawa anamwambia kila asubuhi, "Wewe mzuri sana, mwanangu." Hapa, kwa maoni yangu, wazazi wengi hukosea kwa nia njema. Mtoto aliyezoea kupimwa kwa sura, ukimwambia ni mzuri umempima kwa mzani uleule, umeongeza jiwe tu upande wa pili. Na kijana ana akili. Anajua mama atamsifu hata akiwa na pembe.

Bibi yake hakumsifu. Alimpa miyaa akamwambia asuke ukili. Ukili wa kwanza ulipinda, huku mpana, kule mwembamba kama uzi. Bibi akaupitisha vidoleni, akaufumua wote. "Anza tena, mjukuu wangu." Wa pili nao ukafumuliwa. Wa tatu bibi aliukunja, akauweka pamoja na wake bila kusema neno, na mkeka uliposhonwa ukauzwa, binti akapewa fungu lake. Kwa vile bibi hakuwa mtu wa kusifu ovyo, binti aliamini kwamba ule wa tatu ulikuwa umenyooka kweli.

Yaliyobaki yalikuja polepole. Akafuta kwenye simu kurasa zilizokuwa zikimwacha na donge kooni. Akaanza kuwafundisha hesabu wadogo wawili wa kidato cha kwanza barazani kwao, na walipokosa kumwona hapo walimfuata ndani, mabaka au hakuna mabaka.

Shangazi alirudi wakati wa Idi. Alipofungua kinywa, "Eh, umerudi giza—" mama akaweka chini mwiko. "Wifi, utani huo umekoma katika nyumba hii. Huyu ametoka hospitali kwa ajili ya kicheko chetu." Shangazi akanuna, akala pilau yake kimya, na kesho yake akapanda basi la kwanza la Dar es Salaam.