Hima ya Sayyidna Umar na wavuvi wetu

“Ustadhi, kama kuhifadhi mazingira ni ibada, mbona mgeni mwenye fedha anaingia hifadhini na baba yangu anafukuzwa?” Swali hili aliniuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtoto wa mvuvi, tukiwa katika somo la ukhalifa. Nilimwambia tumalize somo kwanza. Hilo ni jibu la mwalimu aliyekwama.

Ndugu msomaji, kabla ya Uislamu wakubwa wa makabila ya Kiarabu walikuwa wakijitengea malisho mazuri, mnyonge asikanyage. Hiyo ndiyo iliyoitwa hima. Mtume (s.a.w.) aliiondoa hima ya mtu binafsi, akabakisha ya maslahi ya umma, na yeye mwenyewe akatenga Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

Sayyidna Umar (r.a.) akaja akamweka mtumishi wake Hunayy kuisimamia hima. Akamwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini azuie mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan. Hebu yatazame majina hayo! Ni Abdurrahman na Uthman, masahaba waliobashiriwa Pepo. Hawakuzuiwa kwa ubaya wowote. Hoja ya Umar ilikuwa kwamba mifugo yao ikifa, wana mashamba na mitende ya kurejea. Ya mnyonge ikifa, atamjia khalifa na watoto wanaolia, na khalifa atalazimika kumpa dhahabu na fedha. Kumpa majani na maji ni nafuu zaidi.

Kwa hiyo suala si kama tuhifadhi au tusihifadhi. Suala ni uzio ule unamzuia nani kwanza. Mama anayeokota kuni msituni anakamatwa, na mwenye tingatinga anakuja na hati mkononi. Hiyo ni hima ya Jahiliya, hata ikipewa jina zuri namna gani.

Mfano mwema tunao hapa hapa kwetu. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikusudiwa kujengwa hoteli ya kitalii. Wavuvi wanaopiga dago pale walipinga. Wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala, ukakosekana, akakifanya kisiwa chenyewe, kinachoelekea Kibla, kuwa msala wake. (Ni ngano, wala sijengi hoja juu yake, ila inaonesha watu walikitazamaje.) Mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, sehemu moja ikafungwa kabisa kwa uvuvi na nyingine wakaachiwa wavuvi. Baadaye mafunzo ya Kiislamu juu ya mazingira yakapelekwa kwa wavuvi kupitia misikiti na madrasa. Mwaka 2005 Misali ikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba.

Lakini tusimdanganye mvuvi kwa kuwa ni maskini. Majani ya hima ya Umar yalikuwa yakiota tena mvua ikinyesha. Matumbawe yaliyopigwa baruti huchukua miongo kurudi, na mengine hayarudi. Anayelipua anapata samaki wa siku moja, na anayelala njaa baada yake si tajiri wa hotelini. Ni jirani yake mwenye ngalawa. Ruhusa ya mnyonge katika hima ilikuwa ya kulisha, haikuwa ya kung’oa mizizi. Katika fiqhi madhara hayaondoshwi kwa madhara mfano wake, na umaskini haukufanywa kuwa leseni ya kumdhuru maskini mwingine.

Wiki iliyofuata nilimsimulia yule kijana habari za Hunayy, pamoja na hili la baruti. Alikubali kuwa baruti ni dhulma, akasema baba yake hatumii. Kisha akaniambia kuwa maboya ya mpaka yalipowekwa kwao, baba yake aliyaona asubuhi akiwa tayari baharini.