Je, Ni Dhambi Kuinung'unikia Serikali?

Liko swali ambalo Wakristo wa huku pwani hutuuliza sisi wachungaji mara kwa mara, na aghalabu hutuuliza kwa sauti ya chini. Swali lenyewe ni hili: Je, ni dhambi kuinung'unikia Serikali? Wako wanaojibu upesi kwamba ni dhambi, maana mamlaka imewekwa na Mungu, na Mtume Paulo aliliandika neno hilo wazi katika waraka wake kwa Warumi. Tena wako wanaojibu kwamba si dhambi hata kidogo, maana nchi ni ya wananchi, na kila mtu aweza kusema lo lote apendalo, mahali po pote. Nadhani majibu yote mawili yana upungufu. Basi na tulitazame swali hili kwa kutulia, tukikumbuka mambo mawili yaliyotupata: shauri la bandari ya Bagamoyo, na shauri la ugonjwa wa korona.

Kwanza bandari. Mwezi wa Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipofika Dar es Salaam, mapatano ya kujenga bandari kubwa huko Mbegani, karibu na mji wetu, yalitiwa sahihi. Watu wakasikia habari za dola bilioni 10. Baadaye Oman nayo ikaingia katika shauri hilo. Mwezi wa Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi. Wenyeji wa Pande na Mlingotini, wavuvi na wakulima wa mwani, waliambiwa kwamba bandari inakuja. Wako waliolipwa fidia, na wako waliolalamika kwamba fidia ile haikulingana na mali yao. Kisha kazi ikasimama. Mwezi wa Juni 2019 Rais John Magufuli akawaeleza wafanyabiashara kwa nini ameyakataa mapatano: alisema kwamba wenye fedha walitaka kuishika bandari miaka 99, tena walitaka nchi isiendeleze bandari nyingine toka Tanga hata Mtwara. Mwezi wa Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa.

Mimi si mjuzi wa mikataba. Ikiwa masharti yalikuwa kama yalivyosemwa, aliyeyakataa alifanya vema kuyakataa. Lakini mtazameni mwenye shamba dogo huko Mlingotini katika miaka ile. Mnazi wataka miaka mingi kabla ya kuzaa. Je, apande au asipande? Ajenge chumba cha mwanawe anayetaka kuoa, au angoje? Jiwe limewekwa, meli haionekani, wala hakuna mtu aliyekuja kumketisha chini na kumwambia shauri limefika wapi. Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Na mwenye deni asiyeweza kulipa, adabu yamtaka amwendee aliyemwahidi, amweleze. Mji wetu umezoea kuachwa pasipo kuulizwa. Wadachi walipohamisha makao yao kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na walipoanza kujenga reli ya kati kutoka huko mwaka 1905, hawakuitaka idhini ya wenye mji. Lakini wale walikuwa wageni waliotawala kwa nguvu. Kwa Serikali yetu wenyewe twatazamia mengine.

Sasa na tuje katika korona. Mgonjwa wa kwanza katika nchi yetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na shule zikafungwa. Tarehe 17 hata 19 Aprili ziliwekwa kuwa siku tatu za maombi, nasi makanisani, na Waislamu misikitini, tuliomba. Mwisho wa mwezi ule hesabu ya wagonjwa ikakoma kutolewa Bara, na baada ya siku chache Zanzibar pia. Na kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima ulimwengu uliendelea kuandika kwamba Tanzania ina wagonjwa 509 na waliokufa 21. Mwezi wa Mei Rais alisema kwamba papai na mbuzi vimepimwa, vikaonekana kuwa na ugonjwa. Na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Mwezi wa Juni ikatangazwa kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa. Kanuni za Julai 2020 zikakataza kutangaza mtandaoni habari za maradhi ya kuambukiza bila idhini ya wenye mamlaka.

Kisha ukaja mwanzo wa mwaka 2021, nasi wachungaji tuliozika watu katika miezi ile twaujua. Familia zilisema marehemu alikuwa na tatizo la kupumua, na katika matangazo ya misiba twasoma neno jipya, changamoto ya upumuaji. Watu walijifukiza nyungu majumbani, wakaulizana kwa macho. Maaskofu wa Kanisa Katoliki waliandika mwezi wa Januari kuwaonya watu wao wajihadhari. Na mwezi wa Machi katibu wao, Padre Charles Kitima, alisema kwamba katika miezi miwili walikuwa wamekufa mapadre 25 na watawa wa kike 60. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikuwa ametangazwa waziwazi na chama chake kuwa mgonjwa wa korona. Akafariki tarehe 17 Februari. Siku ile ile akafariki Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Kabla ya mwezi ule kwisha, Rais alisema kanisani kwamba Serikali haijakataza barakoa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Lakini yatupasa kuwa wenye haki. Rais Magufuli alikuwa na sababu zake, nazo si za kudharauliwa. Alisema kwamba mtu anayekula leo alichokipata leo akifungiwa ndani atakufa kwa njaa. Na kila ajuaye maisha ya mama muuza samaki wa sokoni atakubali kwamba neno hilo lina kweli. Huko Uganda shule nyingi zilifungwa toka Machi 2020 hata Januari 2022, nao wasichana wengi hawakurudi tena. Huko Kenya polisi waliowafukuza watu usiku waliwapiga, na wengine waliwaua. Serikali iliyofunga ilinung'unikiwa, na Serikali isiyofunga ilinung'unikiwa pia.

Wala si Afrika tu. Waingereza walipiga kura tarehe 23 Juni 2016 kama watoke katika Umoja wa Ulaya. Watu 52 katika mia walitaka kutoka, na 48 walitaka kukaa. Siku ya kutoka iliwekwa iwe 29 Machi 2019, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, hata wakatoka tarehe 31 Januari 2020, wamechoka kwa kugombana, na korona ikawakuta papo hapo. Watu wale walivumilia kukatazwa kuwazika ndugu zao kwa mkusanyiko mkubwa. Lakini ilipojulikana kwamba katika siku zile zile watu walifanya karamu katika nyumba ya Waziri Mkuu, hawakuvumilia. Mwezi wa Aprili 2022 polisi walimtoza faini Waziri Mkuu wao, Boris Johnson, na mwezi wa Julai akatangaza kwamba atajiuzulu.

Basi mambo hayo yote yatufundisha nini? Naona yatufundisha neno moja. Watu huweza kuvumilia shida, huweza kuvumilia kungoja, hata huweza kuisamehe Serikali iliyokosea katika jambo gumu ambalo hakuna aliyelijua vema. Wasiloweza kulivumilia ni kunyimwa hesabu. Katika lugha yetu hesabu ni idadi, na hesabu ni maelezo anayoyatoa wakili kwa mwenye mali. Idadi ya wagonjwa ilipokoma kutolewa, yale maelezo nayo yalikoma. Mtume Paulo anapoiita mamlaka mtumishi wa Mungu, hakuipunguzia mzigo, bali aliiongezea. Maana mtumishi ye yote ataulizwa. Na Bwana wetu, alipotoa mfano wa wakili, alimwonyesha tajiri akimwita na kumtaka atoe hesabu ya kazi yake.

Mtu mmoja aweza kusema: Serikali ilinyamaza ili watu wasiogope, kwa kuwa hofu nayo huua. Jibu hili nalipima, maana ni kweli kwamba hofu hudhoofisha mwili na kuvunja moyo. Lakini mwulizeni mvuvi. Jahazi likianza kuvuja katikati ya Zanzibar na Bagamoyo, nahodha mwema hawafichi mabaharia. Huwaambia, nao wataogopa, lakini wataogopa huku wakifua maji. Nahodha akinyamaza, wengine watalala, na wale wanaosikia maji yakicheza chini ya mbao watanong'onezana gizani, na kila mmoja ataongeza lake. Hofu haikuondolewa, imenyimwa kazi ya kufanya.

Tena ziko gharama zilizokuja baadaye. Rais Samia alipoapishwa mwezi wa Machi 2021, baada ya kifo cha mtangulizi wake, aliunda kamati ya wataalamu, nayo mwezi wa Mei ikashauri hesabu zitolewe na chanjo iletwe. Mwezi wa Julai zikafika chanjo zaidi ya milioni moja, na yeye mwenyewe akachanjwa mbele ya watu tarehe 28. Lakini mwanzoni watu walikuja polepole. Waliokuwa wameambiwa jana kwamba chanjo ni za kutiliwa shaka, leo waliambiwa kwamba ni njema, wakasema: tuwasadiki wepi? Imani ya watu kwa Serikali yafanana na mnazi ule wa Mlingotini, haioti kwa mvua moja.

Sasa narudi katika swali letu. Katika Maandiko manung'uniko yako ya namna mbili. Wana wa Israeli jangwani walinung'unika hemani mwao, wakatamani vyungu vya Misri, na Mungu akachukizwa. Lakini binti watano wa Selofehadi nao walikuwa na neno juu ya amri ya urithi. Hawakunong'ona. Walikwenda wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na wakuu wote, wakasema shauri lao. Na Mungu akamwambia Musa kwamba wanenayo ni haki. Hata katika kanisa la kwanza wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula, na watu wao wakalalamika. Mitume hawakuwaita waasi, bali wakaweka watu saba kuitengeneza kazi hiyo. Basi kosa la watu wa jangwani halikuwa kusema, maana na hao wengine walisema.

Kwa hiyo nawashauri mambo matatu. La kwanza, semeni mbele ya mwenye kuweza kutengeneza. Sheria ya nchi yautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Wako wanaolalamika barazani jioni zote saba za juma, lakini siku ya mkutano hawaonekani. La pili, semeni mliloliona, wala msiongeze. Aliyeilaumu Serikali kwa kuficha ugonjwa, kisha akaeneza uvumi kwamba chanjo yaua kizazi, ametenda kosa lile lile alilolilaumu. La tatu, fanyeni sehemu yenu ya kazi. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Martin Luther hakukimbia. Naye aliandika kwamba Mkristo aombe, kisha atumie dawa, asafishe nyumba, na ajiepushe na mahali asipohitajiwa, kwa maana asiyetumia dawa humjaribu Mungu. Maombi yetu ya Aprili 2020 hayakuwa mabaya. Lakini maombi hayakuwekwa yawe badala ya maji na sabuni, wala badala ya kusema kweli.

Nasi wazee wa kanisa na wachungaji tusisahau nafsi zetu. Tutawezaje kuitaka Serikali itoe hesabu, ikiwa sadaka ya usharika haisomwi, au ikiwa jengo lililoahidiwa limesimama miaka mingi bila maelezo? Watu wetu hujifunza kwetu kama kuuliza ni uasi au ni haki ya mwana wa nyumba.

Basi, ndugu, mtu akiwauliza swali lile kwa sauti ya chini, mwambieni kwamba kunung'unika gizani humwumiza anenaye, wala hakumsaidii anayenenwa. Mwambieni alichukue neno lake, alipime kama ni la kweli, kisha aende nalo mchana mpaka ofisi ya kijiji. Kama anaogopa kwenda peke yake, mmoja wenu na afuatane naye.