Vuta Kiti Uje Mbele

Katika kila kikundi cha wasomaji kuna anayekaa karibu na mlango. Kitabu kiko magotini, kidole kimebanwa katikati ya kurasa, naye hasemi. Kama ndiye wewe, ndugu yangu wa Makomeno, nina neno nawe. Vuta kiti uje mbele.

Mkononi una Shaba deux, riwaya ya V. Y. Mudimbe ya mwaka 1989. Imeandikwa kama daftari la Mama Marie-Gertrude, mtawa Mwafrika aliyeko Kolwezi katika mapigano ya Mei 1978, yale ambayo wazee wetu huyaita “vita ya siku sita”. Mwandishi alizaliwa Likasi mwaka 1941, akafundisha Chuo Kikuu hapa hapa Lubumbashi. Nawe unaona haya kuzungumzia kitabu chake kwa sababu Kifaransa chako kinakwama? Sema Kiswahili! Vita hiyo ilisimuliwa kwa Kiswahili jikoni kwenu, sufuria ya bukari ikiwa motoni, miaka mingi kabla haijaingia kitabuni.

Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi majumbani mwa Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha mjini, kile kile unachonunulia makala sokoni, na leo maprofesa wa ng’ambo wanaisoma sentensi kwa sentensi. Yeye hakuomba ruhusa ya mtu.

Basi soma kwa ukali. Ukifika pale masista Wazungu wanapoondoka na Marie-Gertrude anabaki, usigeuze ukurasa upesi. Uliza nani alitumiwa ndege na nani aliachwa. Na kama maneno ya mwandishi hayafanani na uliyoyasikia nyumbani, bisha. Riwaya ina haki ya kubuni, nawe una haki ya kubisha, hata mkimaliza jioni mkiwa mmepandishiana sauti.

Kabla ya kikao kijacho, mtafute mama au mjomba aliyekuwa Kolwezi tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji waliotoka Angola kwa kupitia Zambia walipoingia mjini. Muulize alikimbia na nini mkononi. Usimkatize. Kisha mlete kikundini, umpe kiti kizuri, umsomee ukurasa mmoja polepole ukimtafsiria. Halafu funga kitabu, umwache aseme.