Fungu la Mnadani: Je, Kutosema Uongo Kunatosha?

Kila anayekwenda sokoni anajua jinsi fungu la nyanya linavyopangwa. Zilizo nzuri hukaa juu na mbele, zilizopondeka hukaa chini. Muuzaji hakusema uongo. Pengine hakusema neno lolote. Je, amedanganya?

Swali hili lina uzito mkubwa katika nyumba za mnada za London na New York, ambako jezi, mipira, kadi na medali za wanamichezo huuzwa kwa mafungu yenye namba, kila fungu na maelezo yake katika katalogi. Mara nyingi mnunuzi yuko mbali na hajakigusa kitu chenyewe. Anachokitegemea ni maneno.

Na maneno hayo hayalingani. Jezi "iliyovaliwa mchezoni" si sawa na jezi "iliyoandaliwa kwa mchezo", ambayo huenda haikuvaliwa kabisa. Saini ya mkono si sawa na saini iliyochapishwa. Mzoefu huiona tofauti. Mgeni huliona jina la nyota tu.

Mwaka 2022, Sotheby's iliuza kwa zaidi ya pauni milioni 7 jezi ya Diego Maradona ya mchezo dhidi ya Uingereza, Kombe la Dunia la 1986. Kabla ya mnada, familia yake ilidai kuwa hiyo ni jezi ya kipindi cha kwanza, ilhali mabao yake yote mawili yalifungwa kipindi cha pili. Nyumba ya mnada ikajibu kuwa jezi ililinganishwa na picha za mchezo wenyewe. Mamilioni yale yalisimama juu ya neno moja: kipindi. Mwaka uliofuata, jezi 6 za Lionel Messi za Kombe la Dunia la 2022 ziliuzwa kama fungu moja kwa dola milioni 7.8, na ilielezwa wazi kuwa alizivaa vipindi vya kwanza. Kuziweka pamoja hakukuficha kitu.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2013, Bill Mastro, aliyeongoza nyumba kubwa ya mnada wa kumbukumbu za michezo Marekani, alikiri kosa la ulaghai mahakamani. Alikubali kuwa aliipunguza kingo kadi mashuhuri ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner ili ionekane safi zaidi, na kwamba mnadani kwake ziliwekwa dau za uongo za kupandisha bei. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Dau za uongo ndizo najash, aliyoikataza Mtume (s.a.w.), hilo halina mjadala. Lakini ile kadi ilikuwa ya Wagner kweli. Kilichokosekana ni sentensi moja tu: kwamba imekatwa.

Wapo watakaosema kuwa mnunuzi ni mtu mzima, ana fedha na wataalamu, basi ajichunguzie mwenyewe. Hoja hii ina nguvu pale ambapo wote wawili wanaweza kuona. Uislamu haukukataza mnada wala faida, na muuzaji halazimiki kumfundisha mnunuzi biashara. Lakini aibu ya bidhaa anayoijua muuzaji peke yake si siri yake. Ni sehemu ya kile anachokiuza.

Tukumbuke kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani. Mwenye mali alieleza kuwa kimenyeshewa na mvua. Hakulaumiwa kwa mvua wala kwa maneno yake. Aliulizwa kwa nini hakuiweka sehemu iliyolowa juu, watu waione. Kosa lilikuwa katika mpango wa lundo. Maana yake ni kwamba kupanga nako ni kusema.

Sisi hatuuzi jezi za Maradona. Tunauza simu na kompyuta zilizotumika kwenye makundi ya WhatsApp ya chuo, na picha tunazichagua wenyewe. Basi kipimo ni hiki: lile unaloomba mnunuzi asiliulize, hilo ndilo la kuandika kwanza. Bei itashuka kidogo, lakini pesa utakayoipokea itakuwa ya halali.

Wallahu a'lam.