Ishara si Hukumu

Wazee wetu walituachia neno: Dalili ya mvua ni mawingu. Neno hili ni la kweli. Walakini kila mkulima ajua ya kuwa mawingu mengi hupita juu ya shamba pasipo kuangusha tone. Basi twauliza: mtu aonaye wingu ana haki ya kusema nini?

Swali hili limekuwa zito tangu mwaka 1958, Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipotoa habari za kutazama ndani ya tumbo, hata mtoto asiyezaliwa, kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake wa Ufaransa walitangaza ya kuwa watu wenye hali iitwayo Down wana kromosomu 47 badala ya 46. Kromosomu ni nyuzi ndogo mno zilizomo ndani ya chembe za mwili, zichukuazo urithi wa wazazi. Kisha mwaka 1992 Kypros Nicolaides na wenzake wa London walionyesha ya kuwa maji yaliyo chini ya ngozi, nyuma ya shingo ya mtoto, yakizidi kiasi, yaweza kuwa dalili ya hitilafu ya kromosomu. Siku hizi hupimwa toka juma la 11 hata la 14.

Angalieni, twasema yaweza. Mashine haizioni kromosomu zenyewe. Watoto wengi wenye dalili hiyo huzaliwa wazima, na wengine wenye hali ya Down hawakuonyesha dalili yo yote. Hata doa jeupe moyoni, likionekana peke yake, mara nyingi si kitu. Atakaye hakika hutolewa maji ya uzazi kwa sindano ili chembe zichunguzwe, na sindano hiyo ina hatari ndogo ya kuharibu mimba.

Kwa hiyo makosa ni mawili. La kwanza ni kumficha mama kwa kumhurumia. Habari ni yake, tena ina faida. Maana karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, naye ajuaye mapema aweza kujifungulia penye waganga wa moyo. La pili ni kuigeuza dalili kuwa hukumu, mama akalia msiba usiokuwapo.

Na jamaa waulizao, Kosa ni la nani? twawajibu: mara nyingi kromosomu ya ziada hutokea chembe zikigawanyika vibaya, pasipo kosa la mama wala la baba.

Je, mvua ikinyesha kweli? Hapo kipimo kimekwisha kazi yake. Chaweza kuhesabu kromosomu; hakiwezi kutwambia mtoto huyo atapenda nini, wala nyumba itampenda namna gani. Neno hilo la mwisho li mikononi mwetu.

Basi mwenye kuona dalili na aseme dalili, na mwenye kusikia asiongeze.