Je, Mtoto Hurithi Dhambi ya Nyumba Yao?



Mwaka 2010 mwandishi wa Marekani, Holly Black, alitoa riwaya ya vijana iitwayo White Cat. Wengine wataiweka chini wakisikia tu kwamba ndani yake mna uchawi, na wana sababu: Mtume (S.A.W.) aliuhesabu uchawi miongoni mwa madhambi saba yanayoangamiza. Siandiki ili kuusifu. Naandika kwa ajili ya swali lililomo humo, ambalo kwetu Burundi si la hadithi.

Katika riwaya hiyo, watu wachache huzaliwa na nguvu ya kumroga mtu kwa kumgusa kwa mkono mtupu. Sheria inakataza kazi hiyo, watu wote huvaa glavu, na wenye nguvu hizo wameingia katika koo za wahalifu. Cassel, kijana wa shule, ni wa nyumba ya namna hiyo. Anajiona yeye tu hana nguvu, na anaishi akiamini kwamba alimuua rafiki yake, Lila. Kumbe Lila hakufa, aligeuzwa paka. Na kumbe Cassel mwenyewe ndiye mwenye nguvu adimu kuliko wote: kaka zake walimtumia kuangamiza watu, kisha wakamfuta kumbukumbu. Hata Waswahili tunayo riwaya jirani na hiyo: Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya mwaka 1977, ambamo kijana anarithishwa uchawi na baba yake.

Basi, mtoto wa nyumba kama hiyo ana hatia?

Jibu la kwanza ni jepesi. Surat al-An'am, aya ya 164, inatufundisha kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Nabii Ibrahim (A.S.) alitoka katika nyumba ya waabudu masanamu, na hilo halikumpunguzia kitu. Mwana wa Nabii Nuh (A.S.) alikuwa mtoto wa Mtume, na hilo halikumwokoa na gharika. Damu haimtii mtu hatiani, wala haimtoi.

Lakini wengi wetu tunaishia hapo, tunanawa mikono na kulala. Cassel hana lawama kwa asichokijua. Siku anapojua, kunyamaza kunakuwa kitendo chake mwenyewe. Na hapo ndugu watamwambia: sisi ni damu yako, utatusalitije? Mtume (S.A.W.) alituagiza tumsaidie ndugu yetu akiwa anadhulumu au anadhulumiwa. Alipoulizwa vipi atasaidiwa anayedhulumu, alijibu kwamba ni kwa kumzuia. Kwa hiyo anayemshika kaka yake mkono hajamsaliti, amemsaidia. Na Surat Luqman, aya ya 15, inamruhusu mtoto kukataa amri ya wazazi wanapomwita kwenye shirki, huku ikimtaka aendelee kukaa nao kwa wema. Kukataa kazi yao si kuwakata wao.

Sasa turudi nyumbani. Kwa Kirundi mgeni huulizwa: uri mwene nde? Wewe ni mtoto wa nani? Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia Tanzania, wakaishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliporudi, wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine (CNTB) kushughulikia migogoro hiyo. Mara nyingi aliyekutwa shambani hakumfukuza mtu. Atakwambia: nimezaliwa hapa, baba yangu nimemzika hapa, nina kosa gani?

Hoja yake ina uzito, na anayemwita mwizi anamdhulumu. Lakini fikhi ya mirathi ina la kumwambia. Kabla warithi hawajagawana, deni la marehemu hulipwa kwanza. Mrithi si mdaiwa, ila hawezi kula kabla mdai hajapata chake. Na mali iliyonyang'anywa haiingii hata katika mirathi, kwa sababu haikuwa ya marehemu. Kwa hiyo dhambi hairithiwi, lakini haki ya mtu inaweza kukaa mkononi mwako bila wewe kuiba. Hapo huulizwi alichofanya baba yako. Unaulizwa utafanya nini na kilichomo mkononi mwako.

Ndiyo maana naona jibu la "mimi sikufanya" ni la kweli na halitoshi. Sisi tunaosoma chuo kikuu tuna wajibu wa kuwauliza wazee wetu, kwa adabu na wakiwa bado hai: shamba hili lilitoka wapi? Ada niliyolipiwa ilitoka wapi? Pengine jibu litatutuliza. Likitutia uchungu, bora uchungu huo leo kuliko shingoni kesho, kwa maana Mtume (S.A.W.) alionya kwamba anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni kutoka ardhi saba.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwapenda wazazi wetu bila kuipenda dhuluma. Wallahu a'lam.